Kabla Hujakodi Mashine ya Kusaga Visiki

Uamuzi kuhusu kisiki unapaswa kufanywa kabla mti haujaanguka. Katika Nyanda za Juu Kusini mara nyingi mambo huenda kinyume. Shamba la miti huuzwa likiwa limesimama. Mnunuzi huja na watu wake na misumeno ya mnyororo, magogo hupakiwa, fedha hupokelewa, na mwenye shamba hubaki na ekari za visiki vilivyokatwa kwa kimo chochote kilichomfaa mkataji. Hapo ndipo anapoanza kuulizia mashine ya kusaga visiki inayofungwa nyuma ya trekta, akitumaini kwamba italisafisha shamba zima kwa siku mbili tatu.

Chanzo kikubwa cha maswali haya siku hizi ni parachichi. Rungwe, Mufindi na Kilolo, mtu aliyepanda paini au milingoti miaka kumi na kitu iliyopita anatazama soko la matunda, anatazama udongo wake, anaamua kubadili. Mwingine amenunua kiwanja Mafinga au Uyole na anakuta visiki pale atakapochimba msingi. Mwingine ana njia ya tela inayopita katikati ya shamba lililovunwa, na kila msimu kisiki kinamchania tairi. Wote hao wanaweza kunufaika na mashine hii, lakini kwa kiasi tofauti sana, na wapo ambao ningewashauri waiache kabisa.

Tuanze na kazi yake. Nyuma ya trekta kuna kichwa cha shafti kinachozunguka kwa nguvu ya injini, ambacho mafundi wetu hukiita pitio. Kutoka hapo shafti ndefu yenye viungo viwili hupeleka mzunguko kwenye giaboksi ya mashine, na giaboksi huzungusha gurudumu zito la chuma lililosimama wima, lenye meno ya kabaidi ya tangsteni kuzunguka ukingo wake. Dereva hulishusha gurudumu juu ya kisiki kidogo kidogo, kisha mkono wa haidroliki hulipeleka kushoto na kulia. Kila jino humega kipande cha mti. Mwishoni panabaki rundo la vipande vya mbao vilivyochanganyika na udongo, na chini yake shimo la kina cha sentimita 20 hadi 30. Mizizi ya pembeni inabaki ardhini kama ilivyokuwa. Mashine haing'oi kitu; inasaga kile tu ambacho gurudumu linakifikia.

Sasa fanya hesabu kabla ya kupiga simu. Paini iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni miti 1,111 kwa hekta, yaani takriban 450 kwa ekari. Chukua kwamba kila kisiki kinakula dakika kumi, pamoja na kusogeza trekta na kujipanga upya. Ekari moja itakula saa 75. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hizo ni zaidi ya siku tisa. Trekta ya ukubwa wa kati ikifanya kazi nzito inaweza kunywa lita 8 hadi 12 za dizeli kwa saa, hivyo ekari hiyo itakunywa kati ya lita 600 na 900, kabla hujamlipa dereva wala kununua jino hata moja. Hakuna zao ambalo ningemshauri mkulima mdogo alianzishe kwa gharama ya namna hiyo.

Habari njema ni kwamba parachichi halihitaji shamba lililosafishwa hivyo. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inachukua miche 82 hivi. Visiki vikiwa mita tatu tatu, mashimo mengi ya parachichi yanaweza kuangukia katikati ya visiki bila kugusa hata kimoja, ukiwa tayari kusogeza kamba ya kupimia hatua moja huku au kule. Kinachobaki ni visiki vilivyokaa hasa pale unapotaka shimo, vile vilivyo kwenye njia ya trekta ya kunyunyizia dawa na kubeba mavuno, na vile vya karibu na nyumba au ghala. Vinaweza kuwa 40, vinaweza kuwa 60. Kwa idadi hiyo mashine ya kusaga inaanza kuwa na maana, na kazi ni ya siku moja au mbili. Wenye mashamba makubwa ya miti wanalijua hili siku nyingi: Sao Hill, shamba la Serikali lenye zaidi ya hekta 130,000 wilayani Mufindi, visiki having'olewi kwa ajili ya kupanda upya. Miche mipya huingia kati ya visiki vya zamani, na vya zamani huachwa vioze.

Nchi hii iliwahi kulipia somo la kusafisha ardhi kwa trekta kwa bei kubwa mno. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yaliyotumika vitani na mashine zilizoundwa kutokana na vifaru yaliletwa kuangusha pori. Mnyororo wa nanga ya meli ulifungwa kati ya matrekta mawili makubwa, yakaburuta, miti ikalala. Kuangusha hakukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa mizizi na visiki vilivyobaki ndani ya udongo wa Kongwa, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu na una mchanga unaokula chuma. Majembe yalivunjika na makali yakaisha haraka kuliko vipuri vilivyoweza kufika. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na takriban pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, mvua ikiwa mojawapo, lakini mtu yeyote anayetaka kupeleka mashine kwenye visiki anapaswa kujua kwamba mti ulio juu ya ardhi ni sehemu rahisi ya kazi.

Baada ya idadi, tazama aina ya mti, kwa sababu visiki havifanani. Paini ni mpole. Ukishaukata haurudi, mti wake ni laini, na meno hupita bila shida isipokuwa pale penye utomvu mwingi unaonata. Msaipresi vilevile hauchipui. Kwa miti hii, kusaga ni suala la nafasi tu: je, kisiki kinakuzuia kufanya jambo fulani sasa? Kama hakikuzuii, kiache. Mvua za Mufindi zitakifanyia kazi yake kwa miaka michache.

Mlingoti ni habari nyingine. Kisiki chake huchipua kwa nguvu, na ndiyo sababu wanaouza nguzo na kuni huupenda: unakata mara moja, unavuna tena bila kupanda. Anayetaka kuuondoa anapambana na sifa hiyohiyo. Machipukizi hutoka chini ya gome, hasa kwenye kola ya shina, pale linapogeuka kuwa mizizi. Kwa hiyo kusaga katikati ya kisiki hadi kina kirefu huku ukiacha ukingo wenye gome hakusaidii kitu. Nimeona visiki vya namna hiyo vikiwa na shimo zuri katikati na duara la machipukizi pembeni, marefu kuliko mtu. Kwenye mlingoti fanya kinyume: zunguka ukingo kwanza, ondoa gome lote hadi sentimita 20 au zaidi chini ya uso wa ardhi, fuata mizizi minene pale inapoanzia, kisha ndipo umalize katikati. Kama huna mashine, njia ya mkono bado ipo. Vunja machipukizi yakiwa machanga, yarudie kila yanapotoka, na kisiki kitamaliza akiba yake. Inachosha, lakini hufanya kazi. Wanaotumia kiuatilifu hupaka kwenye sehemu iliyokatwa ndani ya dakika chache baada ya mti kuanguka, kwenye duara la mti mbichi lililo chini tu ya gome. Ukisubiri hadi kesho yake, umepoteza dawa. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na soma lebo yake.

Muwati una mtego wa aina yake. Kisiki chake chenyewe hakisumbui sana, lakini mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri moto au udongo uchokonolewe. Ukisaga visiki vya muwati, unachokonoa. Mwezi mmoja baada ya mvua utakuta zulia la miche. Panga palizi mapema, au acha kabisa kusaga. Na miti ya asili ya miombo, kama utakutana nayo upande wa Isimani, Mbarali au Chunya, huchipua kutoka mizizini, mbali na shina. Hapo mashine hii haina jibu.

Kuna jambo moja ambalo wakulima wa chai wanalijua na wa parachichi wanapaswa kujifunza kutoka kwao. Fangasi aitwaye Armillaria huishi kwenye mizizi na visiki vilivyokufa, kisha huhamia kwenye mimea hai inayogusana na mizizi hiyo. Huua chai, na huua parachichi pia. Ukimenya gome la chini la mti unaokufa na kukuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, umemwona. Mashine ya kusaga huondoa kisiki na kuacha mizizi, kwa hiyo chakula cha fangasi kinabaki. Mahali penye dalili hizo, usitegemee kusaga. Chimba na utoe mizizi minene, uichome. Wakulima wa chai Afrika Mashariki walijifunza tangu zamani kuvua gome kuzunguka shina mwaka mmoja au zaidi kabla ya kukata mti wa msituni, ili mti utumie wanga ulio kwenye mizizi kabla haujafa. Mizizi iliyomaliza wanga haimpi fangasi karamu. Taasisi ya Utafiti wa Chai ipo Ngwazi, Mufindi, na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ipo Uyole. Ni afadhali kupeleka kipande cha mzizi huko kuliko kupoteza miche ya parachichi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi.

Zipo pia sehemu ambazo trekta isifike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka vyanzo vya maji. Milingoti mingi ya Iringa na Mbeya imesimama hasa huko, mabondeni kando ya bustani za vinyungu, na ni kweli kwamba inakunywa maji mengi na watu wanataka itoke. Itolewe kwa msumeno na panga, na machipukizi yavunjwe kwa mkono. Gurudumu la meno kwenye udongo wa kingo za kijito litaacha matope yatakayokwenda na mvua ya kwanza. Vivyo hivyo kwenye mteremko mkali: mizizi ya kisiki kilichokufa bado inashika udongo kwa misimu kadhaa, na trekta yenye mzigo mzito nyuma hupinduka kwa urahisi kuliko dereva anavyodhani.

Ukishajua visiki vyako ni vingapi, vya mti gani na viko wapi, ndipo uanze kuchagua mashine. Kwa kweli unaanza kwa kuchagua trekta, au kuikagua ile uliyonayo.

Nguvu ya injini inayoandikwa kwenye boneti siyo inayofika kwenye meno. Chukua trekta ya nguvu-farasi 75, saizi iliyozoeleka sana mashambani kwetu. Kwenye pitio zinafika kama 64, kwa sababu giaboksi na pampu hula kiasi. Halafu kuna urefu wa nchi yetu kutoka usawa wa bahari, ambao wauzaji wa Dar es Salaam huwa hawautaji. Injini ya dizeli isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi, na Mafinga iko juu zaidi, karibu mita 1,900. Trekta yetu ya 75 ikifika Mafinga ina kama 52 kwenye pitio. Injini yenye taabo hupoteza nguvu kidogo kuliko isiyo nayo, kwa sababu hujilazimishia hewa.

Kwa gurudumu la kipenyo cha sentimita 60 hivi, hizo 52 zinatosha vizuri. Mashine ndogo za kundi hilo hutengenezwa kwa trekta zenye kati ya nguvu-farasi 25 na 50 kwenye pitio. Kosa linalotokea ni mtu kununua mashine kubwa iliyoandikwa 60 hadi 100, akiamini trekta yake inaingia kwenye kundi, kisha injini inazama kila gurudumu linapogusa mti mgumu. Na pawatila, zile zinazofanya kazi nzuri kwenye mpunga wa Mbarali, zisahau kabisa kwa kazi hii.

Angalia kasi ya pitio. Trekta nyingi hapa zinatoa mizunguko 540 kwa dakika kupitia shafti yenye mifereji 6. Zipo mashine za mizunguko 1,000, ambazo shafti yake ina mifereji 21. Kama umeambiwa fundi atakuchongea kiunganishi ili ya 1,000 ikae kwenye trekta ya 540, kataa. Gurudumu litazunguka polepole, meno yatakuwa yanapiga mti badala ya kuumega, na kinachovunjika kwanza huwa ni giaboksi.

Jambo linalowashangaza wengi ni haidroliki. Mkono unaopeleka gurudumu kushoto na kulia unahitaji mafuta yanayosukuma pande zote mbili, yaani matundu mawili ya nje yanayofanya kazi kwa kupokezana. Trekta nyingi za kwetu zilinunuliwa kwa ajili ya jembe, haro na tela. Zina uwezo wa kunyanyua mikono ya nyuma, na pengine tundu moja tu la kuinulia tela. Tundu hilo husukuma upande mmoja na kutegemea uzito kurudisha mafuta. Halitoshi. Kabla ya kulipa, nenda nyuma ya trekta yako uhesabu matundu, umwite fundi athibitishe. Unaweza kuongeza vali, na mafundi wazuri wa Mbeya na Iringa wanaifanya kazi hiyo, lakini gharama yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Baadhi ya mashine huja na pampu yake inayoendeshwa na pitio, na kwa trekta za zamani nazipendekeza hizo.

Pini za mikono ya chini zina saizi. Daraja la kwanza ni milimita 22, la pili ni milimita 28. Bushi zinaweza kusawazisha tofauti hiyo, lakini uzito hausawazishwi na bushi: mashine ya kilo 400 au 500 ikining'inia nyuma hunyanyua pua ya trekta, na usukani unakuwa mwepesi vibaya. Weka vyuma vya uzito mbele.

Kwenye mashine yenyewe, chunguza vitu vitatu kabla ya rangi. Kwanza meno: yanafungwaje, na je, unaweza kuyapata tena? Jino la kabaidi ni gumu sana lakini hupasuka likigonga jiwe. Udongo wa volkano wa Rungwe ni mwororo na wenye kina, na pale seti moja ya meno hudumu. Nyanda za Iringa zina kokoto za kwatzi na miamba ya itale iliyojificha, na huko utabadilisha meno mara nyingi. Nunua seti ya pili siku hiyohiyo unaponunua mashine. Jino linalogeuzwa upande wa pili linapokwisha makali ni akiba ya kweli. Pili, beringi na mikanda: ziwe na namba za kawaida ambazo duka la vipuri Mwanjelwa au Kariakoo litazitambua. Mashine yenye beringi ya pekee ya kiwanda kimoja cha mbali itasimama katikati ya msimu. Tatu, kinga ya shafti dhidi ya mshtuko. Iwe boliti ya usalama inayokatika gurudumu likikwama, au klachi ya kuteleza. Boliti ikikatika, weka ya daraja lilelile lililoandikwa kwenye kitabu; ukiweka ngumu zaidi, kitakachokatika safari ijayo ni shafti au meno ya giaboksi. Klachi ya kuteleza iliyokaa msimu mzima bila kazi hushikana kwa kutu, hivyo ilegeze, iache iteleze kidogo, kisha uikaze tena kwa kipimo.

Ipo aina nyingine ya mashine inayostahili kutajwa. Kaskazini mwa Italia, kwenye bonde la mto Po, wakulima wa mipopla hutumia pipa la chuma lenye meno kwenye mdomo, linaloshuka wima na kukata mizizi kuzunguka kisiki, kisha kisiki hutoka kizima. Kwa miti ya umri mmoja, iliyopandwa kwa mistari kwenye ardhi tambarare isiyo na mawe, ni kifaa bora, na huondoa kola yote ya mlingoti kwa mara moja. Lakini inahitaji trekta kubwa na shamba kubwa. Ushirika wa wakulima ungeweza kuifikiria. Mkulima mmoja, sidhani.

Ukitaka kuona mashine kwa macho kabla ya kununua, viwanja vya Nane Nane vya John Mwakangale, Mbeya, kila Agosti hukusanya wauza zana wengi. Usikubali kuonyeshwa gurudumu likizunguka hewani. Omba kisiki.

Sasa kazini. Wakati mzuri ni mwisho wa mvua, Mei na Juni, udongo ukiwa na unyevu lakini haunati. Machi trekta itateleza na udongo mfinyanzi utaziba meno. Oktoba ardhi ni ngumu, na kuna hatari nyingine: jino likigonga jiwe hutoa cheche, na majani makavu ya paini ni kiberiti tosha. Ukilazimika kufanya kazi kiangazi, fyeka majani kuzunguka kisiki, weka ndoo za maji na watu wenye matawi mabichi, na usiondoke mara tu kazi inapoisha.

Mwambie mkataji akate chini kabisa, sentimita 10 au 15 juu ya ardhi, na uandike hivyo kwenye mkataba wa kuuza miti. Kila sentimita iliyobaki juu ni dizeli yako. Lakini kama umeamua kung'oa kwa winchi au ekskaveta, agiza kinyume: abakize mita moja au zaidi, maana urefu huo ndio wenzo wako. Ndiyo sababu nilisema uamuzi ufanyike mti ukiwa umesimama.

Chukua sururu na jembe, ondoa udongo na mawe kuzunguka kisiki. Nusu saa ya kibarua mmoja huokoa meno ya thamani kubwa. Tafuta misumari, waya wa uzio, na uulize wenyeji kuhusu bomba la maji la kijiji. Karibu na barabara kuu kuna nyaya za mawasiliano zilizofukiwa.

Rudi nyuma ukielekea kwenye kisiki, vuta breki ya mkono, weka gia huru. Kwenye mteremko mdogo usisimame ubavuni; simama ukifuata mteremko, upande mzito ukiwa juu. Fungua pitio injini ikiwa taratibu, kisha ongeza mafuta hadi kasi iliyowekewa alama ya 540 kwenye geji. Shusha gurudumu sentimita 3 hadi 5, zungusha mkono polepole, rudisha, shusha tena. Sikiliza injini: sauti ikianza kuzama, rudisha mkono, uache gurudumu lipate kasi. Dereva anayelazimisha hamalizi mapema, anapika klachi. Kwa shamba litakalopitiwa na jembe, fika sentimita 30. Kwa njia ya tela, 15 zinatosha.

Kuhusu usalama sitapunguza neno. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde moja. Kanga, mkono wa shati, kamba ya koti la mvua vikinaswa na shafti, mtu havutwi polepole; hakuna nafasi ya kupiga kelele. Shafti isiyo na kifuniko cha plastiki haifai kufanya kazi, hata kama ni kisiki kimoja. Shafti ikinyanyuliwa na ikishushwa, mirija yake miwili lazima iendelee kuingiliana vya kutosha bila kugota. Mapazia ya mpira au minyororo kuzunguka gurudumu yawepo yote, kwa kuwa jiwe lililorushwa na jino huenda mbali na halichagui. Watu wakae mita 30 au zaidi, na vijijini hiyo maana yake ni kumweka mtu mzima mmoja ambaye kazi yake pekee ni kuzuia watoto, kwani trekta ikifika watoto hukusanyika. Dereva avae miwani, viatu vigumu na vizuia sauti, na asiwe ameonja ulanzi. Ukizima pitio, gurudumu zito huendelea kuzunguka kwa muda. Subiri lisimame kabisa, zima injini, toa ufunguo, ndipo ushuke kutazama meno.

Kisiki cha upana wa sentimita 60, kikisagwa hadi kina cha sentimita 30, ni kama mita za ujazo 0.085 za mti. Vikiwa vipande vilivyolegea hujaa mara mbili na nusu au tatu zaidi, na ukiongeza udongo utapata matoroli matatu au manne. Wengi huvirudisha shimoni, wakaweka udongo juu, wakapanda mche wa parachichi hapohapo. Baada ya wiki kadhaa majani yanakuwa ya njano. Vijidudu vinavyoozesha mbao huhitaji naitrojeni, na huichukua kwenye udongo kabla mche haujaipata. Halafu mbao zikishaoza shimo hushuka, maji hutuama, na parachichi halivumilii mizizi iliyozama majini. Toa vipande vyote, jaza shimo kwa udongo wa juu na samadi iliyoiva, na kama nafasi inaruhusu sogeza shimo la mche mita moja na nusu kutoka pale kisiki kilipokuwa. Vipande vitandaze juu ya ardhi kama matandazo kuzunguka miche, mbali kidogo na shina, ambako havifanyi madhara na hutunza unyevu hadi Novemba. Kama kisiki kilikuwa cha mlingoti, pita tena shambani mwezi mmoja baada ya mvua kuanza, ukiwa na panga.